Mkaza Mwana na Sindano ya Asubuhi

Sidi binti Kalama alipoolewa Changamwe, watu wa huko walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kwaya ya kanisa ilikuwa na waimbaji wazuri, lakini Sidi akifungua kinywa, wengine wote walibaki kumsindikiza. Nyumbani sauti ile ile ilikuwa na kazi nyingine: kumkatalia aliyetaka makuti yake kwa bei ya kutupa, kumfukuza mbuzi wa jirani, na kumkumbusha mumewe, Lewa, kwamba kuli anayerudi kutoka Kilindini na vumbi la saruji hakalii mkeka mpya. Alikuwa mwanamke wa mwili, mwenye mikono ya kazi. Alisuka makuti tangu alfajiri mpaka jua la utosi na bado akabaki na nguvu ya kugombana.

Baba mkwe wake, Mzee Mwarandu, alikuwa mgema. Alibatizwa zamani akapewa jina la Biblia ambalo hakuna aliyelikumbuka, yeye mwenyewe akiwemo. Ubatizo ulimshika vizuri akiwa chini. Akishapanda mnazi alikuwa mtu wa kale. Alimpenda mkaza mwana wake kwa namna ya wazee wa kwao, yaani bila kumtazama usoni na bila kumwambia neno ambalo lingeweza kupitia kwa mkewe. Mkewe huyo, Kaviha, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili, na alisema vya kutosha watu kumi.

Kiu ilimwanza Sidi katika joto la kaskazi, mwaka uliofuata mwisho wa vita vya pili vya Mjerumani. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na kiu, nani angemshangaa? Alikunywa kata, akanywa nyingine, akaumaliza mtungi na kwenda kuujaza tena. Na kila alichokunywa kilitaka kutoka. Hajakaa sawasawa kwenye makuti yake, anainuka kwenda uani. Harudi vizuri, anainuka tena. Alikula kuliko wanaume, hata akaona haya, na bado alikonda. Kanga iliyokuwa ikimfika kwa shida sasa ilimzunguka na kubaki. Mama mkwe alitazama, akahesabu kichwani mambo ya wanawake, akafurahi kimoyomoyo kwamba mjukuu yuko njiani. Mjukuu hakuonekana. Kilichoonekana ni mifupa ya mabega, na kanisani Sidi akaanza kushindwa kufikisha ubeti mwisho.

Kisha wakaja sisimizi. Asubuhi moja Kaviha alikwenda uani akawakuta wamejipanga msururu kutoka ukutani hadi pale Sidi alipokuwa amekojoa. Katika umri wake alikuwa amewaona sisimizi wakifuata asali, wakifuata dagaa, hata panya aliyekufa. Hili lilikuwa geni kwake. Alimwaga majivu, akarudi ndani, akamwambia mumewe kwamba kuna mtu amemtegea mtoto wao kitu.

Mzee Mwarandu hakupenda habari za waganga, maana zilimkumbusha kwamba alibatizwa. Yeye aliona jambo jepesi zaidi: mtu amekauka, arudishiwe maji yake. Basi kila asubuhi akawa anashuka mnazini na kibuyu cha tembo tamu, lile la alfajiri ambalo halijachacha, ambalo watu wa kwao humpa mzazi aliyetoka kujifungua, mtoto aliyetoka kuugua surua, na yeyote aliyepungua mwili. Kibuyu alikiosha mwenyewe, mkewe hakuruhusiwa kukigusa. Uji wa Sidi nao ukatiwa asali. Sidi alikunywa vyote, kwa kuwa alikuwa na kiu na kwa kuwa vilikuwa vitamu, na siku moja akamwambia mama mkwe amfikishie Baba shukrani, akalia. Maskini, walikuwa wakimsukuma kaburini kwa mapenzi, kibuyu kwa kibuyu.

Siku ilifika hakuamka. Alikuwa akipumua kwa nguvu kama aliyekimbia kutoka Jomvu, na pumzi yake ilinuka kama maembe yaliyoanza kuoza. Kaviha aliinama, akanusa, akanyooka.

"Huyu amelewa," alisema.

Lewa alimjua mkewe. Hakubishana na mama yake. Alitoka mbio akaita makuli wenziwe watatu, wakamwinua Sidi pamoja na kitanda chake cha kamba hadi barabarani. Lori la mchanga likawavusha Makupa mpaka hospitali kisiwani. Njia nzima Lewa alikuwa akimwambia mkewe amtukane, hata neno moja tu, lakini Sidi hakumjibu.

Hospitalini walimkuta daktari Mzungu mwenye maneno machache na dresa mmoja, msaidizi wake, aliyeitwa Absalom, mtu wa Rabai, mwenye maneno mengi. Absalom alichukua mkojo wa Sidi, akadondosha matone katika kichupa chembamba chenye dawa ya rangi ya buluu, akakichemsha juu ya moto wa spiriti. Buluu ikageuka kijani, kijani ikawa njano, njano ikatulia kwenye wekundu wa tofali. Daktari alitazama mara moja tu, akaomba sindano. Walimchoma siku ile, wakamtilia maji kwenye mshipa, wakamchoma tena, na siku ya pili Sidi alifungua macho akauliza ni nani aliyempeleka mbele za watu na kanga ya kufanyia kazi. Lewa aliposikia hivyo alitoka nje akakaa chini, akaachia machozi.

Absalom ndiye aliyewaeleza. Alipojua kwamba Lewa ni kuli, alifurahi, kwa sababu alipenda sana kusikilizwa na mtu anayeelewa.

"Chakula unachokula, ugali, muhogo, wali, kikifika tumboni hugeuka sukari," alisema. "Hata usipotia chembe ya sukari kikombeni. Sukari hiyo huingia kwenye damu, nayo damu huizungusha mwili mzima. Sasa, bwana, meli ikiingia Kilindini imejaa shehena na hakuna kuli hata mmoja, mji utakula?"

"Mji utalala njaa," alisema Lewa.

"Na bandari imejaa. Ndivyo alivyo mkeo. Nyuma ya tumbo kuna kiungo, wachinjaji wanakijua, huitwa kongosho. Kazi yake moja ni kutoa dawa inayoitwa insulini. Hiyo ndiyo kuli. Bila hiyo sukari haishuki melini, haiingii kwenye nyama ya mwili. Inajaa damuni mpaka figo zinaimwaga nje kwa mkojo, na haitoki peke yake, inakokota maji. Ndiyo sababu ya kiu, na ndiyo sababu ya sisimizi wenu. Mwili ukikosa chakula unaanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, na ule moshi wake ndio mliounusa mkadhani pombe."

Lewa alifikiri. "Basi makuli wake wamegoma."

"Wangegoma tungewabembeleza. Hawapo, na hawarudi. Kwa mtu mzima wa afya kongosho linakesha: umekula, linatoa insulini kwa kadiri, umefunga, linapunguza, na ini, ambalo ni ghala, linafungua mlango na kutoa sukari kidogo kidogo. Damu haizidi wala haipungui. Mkeo hana mlinzi huyo. Itabidi tumtilie insulini kwa sindano kila siku ya Mungu, maisha yake yote."

"Na akiacha?"

"Akiacha utamrudisha kwa kitanda kile kile, nami mara hiyo sitakuahidi kitu."

Sidi alikuwa akisikiliza kutoka kitandani, kimya, jambo ambalo Lewa hakulizoea. Absalom alimgeukia. Alimwambia kwamba insulini ya sindano haina macho kama ile ya mwili. Ikishaingia inashusha sukari tu, iwe nyingi, iwe kidogo. Akijichoma asile, au akichelewa kula, sukari ya damu itaisha, hata ile ya ubongo. Atatetemeka, atatoka jasho, atakuwa na hasira zisizo zake, na kama hakupata kitu kitamu upesi ataanguka, pengine asiinuke.

"Mmeniambia sukari ndiyo inayoniua," alisema Sidi. "Sasa mnaniambia ndiyo itakayoniponya."

"Ni chakula, dada. Kikizidi kinaua na kikipungua kinaua. Sisi wengine tunapimiwa bila kujua. Wewe itabidi ujipimie."

Wiki zile za hospitali Sidi alijifunza kuchoma sindano kwenye papai bichi, kisha kwenye paja lake. Mara ya kwanza mkono ulikataa. Alifumba macho, akamtukana Absalom, akamtukana Lewa ambaye alikuwa Kilindini kazini, akachoma. Akafumbua macho, akaona kwamba bado yuko hai, na akaingiwa na kiburi ambacho hakikumtoka tena. Mwili ulirudi. Sauti ilirudi kabla ya mwili. Siku ya kuruhusiwa, wagonjwa wa wodi nzima walimsindikiza mpaka mlangoni, wengine kwa mapenzi, wengine kuhakikisha kwamba kweli anaondoka.

Tangu siku hiyo asubuhi za Sidi zilikuwa na utaratibu. Alichemsha bomba la kioo na sindano katika kisufuria ambacho hakuna aliyeruhusiwa kupikia hata yai. Alipima mkojo wake kwa dawa ya buluu, akasoma rangi. Kichupa cha insulini kilikaa ndani ya chungu kidogo alichokifukia kwenye mchanga wenye maji, kando ya mtungi, kwa kuwa joto ni adui yake. Akavuta dawa, akajichoma, akala. Dawa ikiisha alikwenda dispensari ya Changamwe, ambako Absalom alihamishiwa mwaka ule ule, na ambako walipiga soga hadi wagonjwa wengine wakakohoa.

Nyumbani lakini mambo hayakuwa mepesi. Kaviha alikuwa amesikia nusu ya maneno, na nusu ile aliishika kwa mikono miwili. Ni ugonjwa wa sukari. Basi sukari ikatangaziwa vita. Aliitoa ndani ya nyumba, akakataza asali, akamfukuza mwanamke aliyeuza kashata asipite hata uani. Na Mzee Mwarandu, alipoambiwa kwamba tembo lake lilimzidishia mtoto maradhi, alichukua kibuyu chake akatoka. Hakukileta tena nyumbani. Alishuka mnazini akipitia nyuma ya nyumba, kama mwizi. Sidi alimwona mara nyingi na moyo ulimuuma, lakini angeanzaje? Mkaza mwana hamfariji baba mkwe.

Ndipo ikaja harusi ya Nyamvula, dada yake Lewa. Kanisani walimaliza mapema, na karamu ilikuwa nyumbani kwa Mzee Mwarandu. Kwa watu wale chakula kina ngazi. Wazee wa upande wa mume huheshimiwa kwanza, hula pamoja na wazee wa nyumbani. Wakishanawa ndipo wanaume wengine, halafu mama wakubwa. Na mwisho kabisa, sufuria zikikwanguliwa, hula wakaza wana, ambao ndio waliopika. Mkaza mwana anayeonekana akitafuna kabla ya baba mkwe kunawa hujitia aibu yeye, na wazazi wake, na aliyemwoa. Sidi aliijua sheria hiyo kama alivyolijua jina lake. Alfajiri alijichoma sindano kama kawaida, akanywa kikombe cha uji amesimama, akafunga kilemba chake kizuri, akaingia jikoni. Saa ya chakula cha mchana inajulikana, alijisemea.

Wazee wa upande wa mume hawakuwahi kanisani; walikuwa wakitoka Ribe kwa lori. Lori likakwama njiani. Habari ilipoletwa na mtu wa baiskeli, wali ulikuwa umeshaiva, nyama inachemka kwa mara ya pili, na jua limepita utosi.

Sidi alianza kutetemeka akiwa ameshika mwiko. Aliijua alama ile, haikumtisha. Pembeni mwa kanga yake siku zote alifunga kipande cha sukari guru, kwa agizo la Absalom. Alishika fundo, akalikuta tupu. Hakujua kwamba asubuhi, alipokuwa akioga, Kaviha alilifungua, akaona utamu, akautupa, akamwombea msamaha kwa Mungu mtoto huyu anayejiibia roho yake mwenyewe.

Mbele yake palikuwa na sufuria ya wali wa nazi ambayo ingelisha kijiji. Sidi alichota kwa mwiko. Kaviha alimwona.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "wazee hawajanawa."

Na Sidi akaurudisha mwiko. Mwanamke aliyekuwa akimtukana kuli wa Kilindini bila kuvuta pumzi, aliurudisha mwiko kwa sababu alilelewa vizuri. Nasema kweli, adabu imewahi kuua watu wengi kuliko sindano, ila haiandikwi popote.

Baada ya hapo hakuwa Sidi tena. Jasho lilimwagika hadi likalowesha kilemba. Alicheka peke yake, akapiga sufuria kwa mwiko, kisha kwa sauti ile ya kwaya, mbele ya harusi nzima, akamwambia mama mkwe maneno ambayo waliohudhuria waliyakumbuka kwa miaka mingi na hakuna aliyekubali kuyarudia. Wengine wakasema ni pepo, wengine wakasema tembo. Akapiga hatua mbili kuelekea uani, akaanguka.

Lewa alifika kabla hajatulia chini. Aliomba sukari; katika nyumba nzima hapakuwa na sukari, mama yake alikuwa ameshinda vita. Akatazama huku na huku. Ukumbini palikuwa na mtungi wa tembo tamu la asubuhi, umefunikwa kwa jani la mgomba, umewekwa kwa ajili ya wazee wa Ribe. Tembo la karamu haliguswi kabla mgema mwenyewe hajalionja mbele ya wageni, wajue ni safi. Lewa alilitupa jani, akachovya kata, akamkalisha mkewe ameegemea kifua chake, akamnywesha kidogo kidogo, akingoja ameze kila funda. Nyuma yake wazee walikuwa wakinung'unika. Hakugeuka.

Watu waliwazunguka. Baada ya kitambo mikono ya Sidi iliacha kutetemeka. Akafumbua macho, akashika kichwa.

"Nani amenivua kilemba?" aliuliza.

Wanawake wakacheka na kulia pamoja. Lakini Boga, nduguye Mzee Mwarandu, alikuwa amekwisha kusimama. Alisema mambo yako wazi kwa mwenye macho. Huyu mtoto alikonda, ndiyo, lakini kuanguka kama kuku aliyechinjwa kumeanza baada ya hizi sindano. Mtu hatiwi chuma kila siku akabaki mtu. Na nani amemwinua leo? Tembo la mwenye mji. Basi tembo lirudi, na sindano itupwe chooni leo hii, mbele ya watu.

Wengi waliitikia. Mzee Mwarandu alikaa kwenye kiti chake, na usoni alikuwa na kitu ambacho hakikuonekana tangu siku za kile kibuyu. Kilikuwa furaha. Tembo lake lilikuwa limeponya.

"Zileteni," alisema.

Kaviha aliingia ndani akatoka na kile chungu kidogo cha dawa na kile kisufuria. Lewa alianza kusema, wakamnyamazisha. Angesema nini, aliyenywesha tembo la wageni? Sidi alitazama chungu kile mikononi mwa mama mkwe, akajua kwamba maisha yake yamo mle, na kwamba hakuna mwingine atakayemsemea. Alijishika ukutani akasimama. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: alimtazama baba mkwe wake usoni.

"Baba," alisema, "nipe ruhusa ya kitu kimoja kabla havijatupwa."

Mzee alishtuka hata akasahau kukataa. Sidi aliagiza mkoba wake wa kupimia. Alitia dawa ya buluu katika kichupa chembamba kama kile cha hospitali, akaomba kata ya tembo, akadondosha matone machache, akashikilia juu ya makaa ya jikoni kwa koleo. Wazee walisogea licha ya hasira zao, maana mtu ni mtu. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Ikatulia kwenye wekundu wa tofali.

"Hii ni sukari," alisema Sidi. "Ndiyo iliyoniinua sasa hivi. Na siku ile niliyopelekwa kwa kitanda, maji ya mwili wangu yalipotiwa dawa hii yalikuwa mekundu hivi hivi, kwa kuwa sukari ilijaa ndani yangu na haikuwa na mtu wa kuishusha. Sindano ndiyo inayoishusha. Baba Boga, wewe umekula jana, umelala, umeamka, na ndani yako kuna kiungo kimekufanyia kazi hiyo bila kukuuliza. Changu kimekufa. Kazi yake naifanya mimi, kwa mikono hii, kila siku, na naiweza. Mkinitupia sindano hamjanitoa chuma. Mmenizika."

"Na kuanguka?" aliuliza Boga, kwa sauti iliyopungua.

"Sindano inashusha na chakula kinapandisha. Leo imeshusha, na chakula kilikuwa mbele yangu sikukila. Kilichoniangusha ni kungoja."

Hapo Kaviha aliweka chungu chini. "Na mimi," alisema. "Alikuwa na sukari yake kwenye kanga. Mimi ndiye niliyeitupa." Akajifunika uso kwa upande wa leso.

Mzee Mwarandu alinyoosha mkono, akapewa kichupa chekundu. Alikishika kwenye mwanga kama anavyoshika tembo jipya.

"Hili ni tembo langu?"

"Ndilo, Baba."

"Lililokulaza mwaka jana."

"Ndilo. Na lililoniinua leo. Hukukosa, Baba. Ulinipa kizuri ulichokuwa nacho, na sote hatukujua."

Mzee alimpa Lewa kile kichupa polepole, akakohoa ili watu wasione kitu kingine.

"Mpeni chakula," alisema.

"Kabla ya wageni?" Boga aliuliza. "Kabla yako wewe?"

"Wageni wana makongosho yao," alisema Mzee Mwarandu.

Neno lile alikuwa hajawahi kulitamka, na alilitamka vibaya, lakini liliamua kesi. Sidi alitandikiwa mkeka kivulini, akapakuliwa wali na nyama na Kaviha mwenyewe. Alikula. Alikula taratibu, kila tonge kwa haki yake, huku wazee wa ukoo mzima wakiwa wamekaa na njaa wakimtazama, na nadhani tonge mbili za mwisho hazikuwa za ugonjwa, zilikuwa za Sidi. Lori la Ribe lilipoingia likipiga honi alikuwa ameshaanza kuimba.

Watu walisema mengi Changamwe nzima kuhusu mkaza mwana aliyekula kwanza, na si yote yalikuwa mazuri. Sidi aliyajibu yale aliyoyasikia. Asubuhi zake ziliendelea na buluu yake na sindano yake. Siku nyingine rangi ilikuwa nzuri, siku nyingine alikosea akajirekebisha. Mwaka wa tatu alipata mimba, Absalom akakosa usingizi kuliko Lewa, hospitali ikamlaza mapema wakamchunga, na akazaa msichana mwenye kilio ambacho wakunga walisema si kigeni kwao. Kaviha sasa ndiye aliyefunga sukari guru kwenye kanga ya Sidi kila alipotoka, fundo gumu hata Sidi akalazimika kulifungua kwa meno.

Msichana yule alipoanza kutembea, Mzee Mwarandu alialikwa Ribe kwa wakwe wa Nyamvula, kwenye kumaliza matanga. Alikwenda na watu wake. Kule Ribe, ukimtoa Nyamvula, hakuna aliyejua maradhi ya Sidi. Alikaa nyuma pamoja na wanawake, amejichoma, amefunga kilemba, na sukari yake kwenye fundo, akaamua kwamba siku hiyo atavumilia na kulamba kimya kimya, asimwaibishe baba mkwe ugenini. Sahani zikatokea. Wazee wa Ribe wakapanga viti, wakamweka Mzee Mwarandu mwanzo kabisa kwa heshima ya ukwe, na mtu akamletea maji ya kunawa kabla ya wote.

Mzee hakutoa mikono. Aliikunja kifuani. Mwenye birika alingoja, akadhani mgeni hakumwona, akasogea. Wazee wa Ribe walitazamana, maana kukataa maji ya mwenyeji si jambo dogo. Sidi kule nyuma alihisi uso ukimwaka, akatamani Lewa amwendee babake amnong'oneze.

"Bado," alisema Mzee Mwarandu, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wanawake. "Nina mtoto wangu pale hajala."

Sidi aliletewa sahani ikipita mbele ya wazee wote. Alikula akilia, hakujali, na mkwewe hakugusa maji mpaka alipomwona amemeza.